Alama za Vitabu Vyangu, na Kimoja Nilichokidhulumu

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha tulikuwa tumekaa barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, kahawa inapita na mazungumzo yanapita. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizo, akanigeukia akasema: "Maalim, wewe umekuwa ukisoma tangu sisi hatujazaliwa. Hebu tutajie vitabu ulivyosoma, na kila kimoja ukitie alama kama mwalimu anavyosahihisha mtihani."

Wazee wenzangu wakacheka. Mmoja wao akasema, "Huyu ukimwachia atavipa kumi vyote, maana vyote ni vya rafiki zake."

Nikacheka nami, lakini neno lile lilinichoma, kwani lina ukweli ndani yake. Sisi watu wa Pwani tuna tabia ya kukisifu kitabu kwa sababu mwandishi ni wetu, na kukitukana kwa sababu mwandishi si wetu. Kusoma kwenyewe huja baadaye, au hakuji kabisa. Nikamwambia yule kijana anipe juma moja, nitamjibu gazetini ili wote wasikie.

Basi mpenzi msomaji, hii ndiyo orodha yangu. Lakini kabla sijaanza nina masharti matatu. Kwanza, Msahafu na Hadithi za Mtume (S.A.W.) hazimo humu. Kitabu cha Mwenyezi Mungu hatukitii alama sisi, bali chenyewe ndicho kitakachotutia alama siku ya hesabu. Pili, sikutaja kitabu ambacho sikukisoma tangu mwanzo hata mwisho. Tatu, alama ni zangu. Mwenye alama zake na azitoe.

CHUONI

Wakati nilipokuwa mdogo, neno "chuo" kwetu lilikuwa na maana mbili: ni pale tulipokwenda kusoma, na ni kile kitabu chenyewe. Tulikaa juu ya mikeka, juzuu ya Amma mapajani, na maalim ana mkwaju wake karibu. Alama hazikuwako. Ukijua unasonga mbele, usipojua unarudi nyuma mpaka ujue. Hata leo naona hiyo ndiyo mizani ya haki kuliko zote.

Kitabu cha kwanza kunisonga moyo nje ya Msahafu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Babu yangu alikuwa akiisoma kwa sauti baada ya Alasiri, nami sikuwa nikifahamu nusu ya maneno yake, kwani Kiamu cha zamani si Kimvita. Lakini nilifahamu kwamba babu akifika mahali fulani sauti yake hubadilika.

Beti zake hazifiki themanini. Ndani ya beti hizo chache mna mji mzima wa Pate, matajiri wake, majumba yao yaliyong'ara kwa taa na vyombo vya China, kisha majumba hayo hayo yamekuwa magofu, wenyewe wako kaburini, na wakazi waliobaki ni popo na ndege. Waidhi wa namna hii tumesikia mwingi. Jambo lililomfanya Sayyid Abdallah awe peke yake ni kwamba hamkemei mtu. Anauliza moyo wake mwenyewe. Anausuta, anaubembeleza, anauambia tazama. Nasi tunaosikiliza tunajikuta tumo katika suto hilo bila ya kutajwa. Naipa 10, na ni hiyo peke yake itakayopata 10 katika orodha hii.

Wa pili ni Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo bin Athman, uliotungwa mwaka 1728, yaani 1141 Hijria. Ni katika kazi kongwe kabisa za Kiswahili zilizotufikia kwa maandishi. Unaeleza vita baina ya Waislamu na Hirqal, mfalme wa Rumi. Hapa nitawaudhi wazee. Utendi huu una beti zaidi ya 1,000, na panga zikianza kulia haziishi. Nilipokuwa mtoto nililala katikati, na nilipousoma tena utu uzima nilisinzia mara mbili. Kwa heshima ya umri wake na ufundi wa vina vyake naupa 7. Heshima ni jambo moja, na ladha ni jambo lingine.

MAMA NA BINTI

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na nyumba nyingi za Pwani huujua japo kwa kusikia. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepigana na Sultani wa Unguja. Mumewe alikwisha kufa, naye mwenyewe mgonjwa, akamtungia binti yake wasia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa.

Kwa miaka mingi niliupa utendi huu 10. Harusini niliusifu, na binti zangu niliwasomea. Siku moja binti yangu mkubwa, naye sasa ni mama wa watoto, akaniuliza: "Baba, wewe wausoma kama sheria. Mbona mimi nausoma kama barua?"

Nikamwambia anifafanulie. Akasema: "Huyu ni mama anayejua anakufa. Mume hayuko, binti yake ni mdogo, atabaki na watu. Anamwambia mtii mumeo, kwa sababu ndiyo ngao pekee anayoweza kumwachia. Nyinyi wanaume mmeichukua ngao mkaifanya rungu."

Nilikwenda nikausoma upya. Sikukubaliana naye kwa yote, kwani mafunzo ya dini yaliyomo ni mafunzo, hayageuki kwa sababu mtungaji alikuwa mgonjwa. Lakini ni kweli kwamba kwa miaka hiyo yote nilikuwa nikiisikia amri, sikuisikia sauti ya mgonjwa. Utendi naupa 9. Msomaji wake, yaani mimi, alistahili 5.

MUYAKA NA SHEIKH AL-AMIN

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufa mwaka 1840, naye nampa 9. Kabla yake ushairi wetu ulioandikwa ulikuwa zaidi wa dini. Yeye aliutoa akautia sokoni, barazani, na vitani. Aliwatetea Wamazrui dhidi ya Seyyid Said, akawakejeli maadui, akalia njaa, akasifu wanawake, akajifumba mpaka leo tunabishana alikusudia nini. Ile moja niliyompunguzia ni kwa sababu ya mashairi ya kejeli ambayo, tukiondoa vita vile, hayabaki na kitu.

Lakini hebu tufikiri. Mashairi haya yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na diwani ya kwanza ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Mashairi ya mtu wa Mombasa yalikwenda kupigwa chapa Afrika ya Kusini! Mpaka mwaka 1979 ndipo Profesa Mohamed Abdulaziz, mtoto wa hapa hapa, alipotuletea kitabu chake juu ya Muyaka, kilichochapishwa Nairobi. Tunajisifu kwa Muyaka, na sisi tuliomwacha potelea mbali.

Kwa upande wa nathari, hakuna kitabu nilichojifunza kazi yangu ya uandishi wa habari kama Uwongozi wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kilichotoka mwaka 1944. Sheikh alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, lakini kabla ya ukadhi alikwisha kuanzisha gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, hapa Mombasa. Makala zake ni fupi, na ndani yake anawakemea Waislamu wenzake juu ya uvivu wa elimu na juu ya kuiga mambo ya watu bila ya kufikiri. Hakuna neno la ziada. Nampa 9. Kila kijana anayeingia katika kazi ya gazeti na akae na kitabu hiki mwezi mmoja kabla hajaandika mstari wake wa kwanza.

SAUTI KUTOKA KIFUNGONI

Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa miaka mitatu kwa waraka alioutoa mwaka 1968 wa kuuliza Kenya twendapi. Alikuwa kijana wa miaka 22. Kifungoni hakuruhusiwa kuandika, akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mashairi hayo yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa zawadi ya fasihi yenye jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji.

Watu hukisifu kitabu hiki kwa sababu ya kisa chake. Mimi nakisifu kwa sababu ya vina vyake. Mtu amefungwa peke yake, hana kitabu, hana rafiki wa kumsahihisha, na bado mizani haikatiki na Kimvita chake kimesimama sawasawa kama mlingoti. Dhiki peke yake haifanyi ushairi. Wangapi wamefungwa wasitoe ubeti? Nakipa 9.

SHAABAN ROBERT NA BWANA MSA

Shaaban Robert nampa alama mbili mbalimbali. Kusadikika, cha mwaka 1951, nakipa 7. Ni kitabu cha ushujaa, kwani kilitoka wakati wa ukoloni na kiliwasema watawala kwa mafumbo. Karama amesimama mbele ya baraza akijitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa pande zote wakarudi wakateswa. Lakini watu wake hawatoki jasho. Wanasema maneno mazuri mno, wote kwa sauti moja, nayo ni sauti ya Shaaban.

Wasifu wa Siti Binti Saad, cha mwaka 1958, nakipa 9. Hapa Shaaban amekutana na mtu wa kweli, mwanamke wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara, akauza vyungu, akadharauliwa, kisha sauti yake ikatiwa katika santuri na kusikika pwani nzima. Wako Waislamu watakaoniuliza kwa nini namsifu mwimbaji. Jibu langu ni kwamba kitabu hiki hakifundishi kuimba. Kinafundisha kwamba mtu asidharauliwe kwa chimbuko lake, na hilo tulifundishwa na Mtume kabla ya Shaaban.

Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, mwaka 1960, nilikisoma kwa mwanga wa kandili huku nikiogopa kugeuza uso dirishani. Bwana Msa na kiko chake walinifundisha kwamba penye kelele za mzimu mara nyingi pana mtu mwenye haja yake. Upelelezi wenyewe una matundu, lakini Kiunguja chake kina utamu wa halua. Nakipa 8, na moja katika hizo ni ya kandili.

VITABU VYA WENGINE

Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri iliyotoka mwaka 1929 ya kitabu cha Rider Haggard, tulikigombania sana utotoni. Nilipokisoma ukubwani nikaona haya. Mzungu ndiye mwenye akili na bunduki, na mwenye nchi amewekwa amfuate au amstaajabie. Kiswahili chake ni safi, na hilo ndilo la kuhuzunisha: lugha nzuri imebeba mzigo mbaya. Nakipa 4.

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Shakespeare iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, naipa 7. Mwalimu aliweza kuwafanya watu wa Venisi waseme Kiswahili cha heshima. Lakini mfanyabiashara kumwita bepari ni siasa, na ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Sisi wa Pwani tuna neno tajiri, na hatulitumii kama tusi.

Katika vitabu vya karibuni, nataja Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022, yaani kitabu kilikaa ugenini miaka 28 kabla ya kurudi nyumbani. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa sababu ya deni, akawa mali ya tajiri anayeambiwa amwite ami. Mwislamu yeyote aliyeisoma Sura ya Yusuf ataona mwangwi wake katika kila mlango: uzuri wa kijana, utumwa wake, na bibi wa nyumba anayemtaka. Kinasema wazi habari za utumwa na rehani za watu katika nyumba zetu wenyewe, jambo ambalo barazani hatupendi kulitaja. Nakipa 9, na nawaomba wanaokasirika kwanza wakisome.

KIMOJA NILICHOKIDHULUMU

Sasa nimefika pale nilipokuwa sitaki kufika.

Mwaka 2006 binti yangu, huyu huyu wa Mwana Kupona, alikuwa shule ya upili. Jioni moja nikamkuta anasoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Mimi nilikuwa sijakisoma. Nilikuwa nimesikia kwamba ni kitabu cha uchafu, cha mwaka 1971, na kwamba Tanzania iliwahi kukikataza mashuleni. Nikamnyang'anya mkononi. Akaniambia, "Baba, si changu, nimeazimwa." Sikumsikiliza. Nikakitupa juu ya kabati, na Ijumaa ile nikasema barazani, mbele ya watu, kwamba mwandishi wa kitabu kile hana haya. Watu waliitikia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekisoma.

Januari 2020 nikasikia kwamba Kezilahabi amefariki. Nilitakiwa niandike maneno machache juu yake, nikaona siwezi kumwandikia maiti bila ya kumsoma. Nikapanda kiti, nikakitoa kile kitabu juu ya kabati na vumbi lake la miaka kumi na minne.

Nilikimaliza usiku ule. Mna mambo ndani yake ambayo sitayasoma kwa sauti mbele ya wakwe. Lakini kisa chenyewe ni cha msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, baba ambaye alimpiga kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana. Msichana hakufundishwa kuwajua watu, alifundishwa kuwaogopa tu. Siku alipotoka mikononi mwa baba yake hakuwa na macho ya kumwongoza, akaangamia. Baba yule ni mlevi, nami sijaonja tone. Nilijaribu kushikamana na tofauti hiyo, isinisaidie. Yeye alinyang'anya barua, mimi nilinyang'anya kitabu kinachomweleza yeye.

Ile siku ya 2006 nilikitia sifuri. Leo nakipa 8. Mbili nimezipunguza kwa sababu mwisho wake naona umeharakishwa, na mahali pengine mwandishi anahubiri pale ambapo angenyamaza.

Lakini alama hazikunitosha. Ndani ya jalada paliandikwa jina la msichana aliyemwazima binti yangu. Nilimwuliza binti yangu, akaniambia kwamba rafiki yule alidhani ameibiwa kitabu, nao wakaacha kusemeshana tangu wakati huo. Tunafundishwa kwamba amana irudi kwa mwenyewe. Mimi niliyefundisha watoto hilo nilikuwa nimekalia amana ya mtoto wa watu kwa miaka kumi na minne. Tulimtafuta tukampata, sasa yeye mwenyewe ni mwalimu. Nilikwenda na binti yangu nikamkabidhi kitabu chake na kumwomba radhi. Akakipokea, akakifungua, akacheka: "Mzee, nilikuwa nimebakisha kurasa thelathini."

Barazani nako nilirudi nikaifuta kauli yangu. Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza, kwani watu hupenda kusikia fulani hana haya, hawapendi kusikia mimi nilikosa.

Ndiyo maana, kijana wangu uliyeniomba alama, nimekuwekea lile sharti la pili. Maneno ya kwanza kumshukia Mtume wetu yalimwamuru asome. Kuhukumu kulikuja baadaye, na hakukuruhusiwa bila ya ushahidi. Mtu akitoa hukumu juu ya kitabu asichokifungua ametoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia, nasi sote tunajua hukumu ya shahidi huyo. Kataa kitabu ukitaka. Vipo vinavyostahili kukataliwa. Lakini kikatae ukiwa umefika ukurasa wa mwisho.

Nami sasa nangoja orodha zenu. Nipeni alama za kwenu, mnipinge kwa Tambuka, mnitukane kwa Kusadikika. Nitapokea yote kwa aliyesoma. Namalizia kwa ubeti huu mmoja niliomtungia binti yangu njiani tulipokuwa tukirudi kutoka kwa rafiki yake:

Kitabu hukifungua, mwenye macho ya kusoma,
Na hukumu huamua, akishafika khatima,
Asiyesoma hujua, neno la watu kusema,
Alama haina wema, itolewapo gizani.